Paipu inavuja kwenye mbano: kabla hujaongeza hata robo milimita

Paipu ya haidroliki ikirudi gereji ikiwa inatoa jasho la mafuta kwenye kikombe, ile pete ya chuma ya nchani, mwenye mtambo huwa na ombi moja tu: "Fundi, irudishe mashineni uibane kidogo." Ninamwelewa. Eskaveta yake imesimama kwenye mchanga, tipa tatu zimepanga foleni, na kila saa inayopita ni hela inayoondoka. Tangu daraja la Kigongo–Busisi, huku Mwanza, lifunguliwe Juni 2025, hata mteja wa Sengerema hana tena kisingizio cha kusubiri kivuko, anataka arudi na paipu yake kabla ya mchana. Hata hivyo jibu langu halibadiliki. Paipu iliyokwisha kuonja presha ikavuja haibanwi mara ya pili. Inakatwa, inachunguzwa, inatengenezwa upya.

Sababu iko ndani ya kikombe, mahali ambapo jicho halifiki. Mbano wa kwanza umekwisha kulaza mpira na nyaya mahali pake. Ukiminya tena, mpira wa ndani hauna pa kwenda, kwa hiyo unakatwa na meno ya mkia wa fitingi (kiungo cha chuma cha nchani), au mkia wenyewe unaingia ndani na tundu linakuwa jembamba. Paipu inaweza kukauka injini ikizunguka bila mzigo, halafu ikachomoka siku ndoo ikijaa mawe. Baya zaidi, umefuta ushahidi. Hutajua tena kama kosa lilikuwa dai (vyuma vya kubania), kipimo, kina cha kuingiza au paipu yenyewe.

Tukubaliane maneno kwanza, maana kila gereji ina yake. Kikombe ni ile pete ndefu ya chuma tunayoibana, wengine huiita feruli. Mkia ni sehemu ya fitingi yenye meno inayoingia ndani ya paipu. Dai ni vile vipande vya chuma vya mashine ya kubania, mara nyingi vinane, vinavyokizunguka kikombe na kukiminya. Kipenyo cha mbano ni unene wa kikombe baada ya kubanwa.

Mafuta yanatokea wapi hasa?

Kabla ya kulaumu mbano, zima mtambo, shusha bumu (mkono mkubwa wa eskaveta) na ndoo chini, sogeza leva kila upande ili presha iliyobaki itoke, ndipo ukaribie. Futa paipu na fitingi ikauke kabisa. Washa, pasha mafuta, kisha tazama kwa mbali ukitumia kipande cha boksi. Usipapase kwa mkono, hata kwa glavu. Uvujaji wa tundu dogo kama ncha ya sindano unaweza kupenya ngozi na kuingiza mafuta ndani ya mwili. Jeraha lake huonekana kama mchomo wa mwiba, halitoi damu ya kutisha, na mtu hujikaza akaendelea na kazi. Ni dharura ya upasuaji. Apelekwe hospitali saa ileile, na daktari aambiwe wazi kwamba ni mafuta yaliyoingia kwa presha.

Sasa soma alama za boksi. Mafuta yakitoka kwenye nati, mbano hauna kosa, ruka mbele usome sehemu ya "Uvujaji kwenye nati". Yakitoka nyuma ya kikombe, pale mpira unapoingilia, endelea hapa. Lakini angalia pia urefu wote wa paipu. Ukiona lengelenge kwenye mpira wa nje, hata kama liko futi moja kutoka kwenye kikombe, huenda mpira wa ndani umetoboka na mafuta yanatambaa chini ya ngozi ya nje hadi yanapopata upenyo. Nimeona paipu nzima zikikatwa ncha na kufungwa vikombe vipya wakati tundu liko katikati.

Jasho nyuma ya kikombe

Chukua venia (kifaa cha kupimia unene), pima kipenyo cha mbano. Pima katikati ya urefu wa kikombe, kwenye sehemu zilizolazwa na dai, usipime juu ya matuta yaliyobaki kati ya kipande na kipande. Zungusha, pima mahali pasipungua patatu. Kisha linganisha na jedwali la mtengenezaji wa fitingi hiyo na paipu hiyo.

Nasisitiza "hiyo na hiyo" kwa sababu hapa ndipo gereji nyingi za huku zinapoteleza. Jedwali la kampuni moja haliwezi kutumika kwa kikombe cha kampuni nyingine, hata kama vyote ni vya nusu inchi na vinafanana kama mapacha. Unene wa ukuta wa kikombe unatofautiana, meno ya mkia yanatofautiana, na hata paipu mbili za nusu inchi zina unene tofauti. Paipu ya 1SN ina tabaka moja la nyaya zilizosukwa, 2SN ina mawili, 4SP ina manne yaliyozungushwa. Kwa nusu inchi, 1SN inabeba presha ya kazi ya bar 160, 2SN bar 275, 4SP bar 415. Ukibana 4SP kwa kipimo cha 2SN umeiua. Ukifanya kinyume chake, hujabana kitu.

Kipimo kikizidi cha jedwali, yaani kikombe kikiwa kinene kuliko inavyotakiwa, mbano ni hafifu na chanzo umekipata. Kikiwa ndani ya uvumilivu, yaani tofauti inayoruhusiwa, ambao kwa kawaida ni sehemu moja au mbili za kumi za milimita, usishangilie bado. Kata kikombe kwa grenda kwa urefu, upande huu na upande ule, ukifunue kama ganda la karanga. Utayasoma yafuatayo.

Meno ya mkia yameacha alama nusu tu ya urefu: paipu haikuingia hadi mwisho. Mpira wa ndani umechanika au umekunjwa mbele ya mkia: iliingizwa kavu, au ncha ilikatwa mshazari. Mpira wa nje upo mzima chini ya kikombe kilichotengenezwa kwa paipu ya kumenywa, yaani inayochunwa mpira wa nje kabla ya kubanwa: meno ya kikombe hayakufika kwenye nyaya. Mpira umekuwa mgumu na unavunjika kama biskuti: joto limeuua, na hapo utafute kwa nini mafuta ya mtambo yanachemka, vinginevyo paipu mpya itafuata njia hiyohiyo.

Fitingi imechomoka yote

Hili ndilo la hatari kuliko yote, na ndilo lililonifundisha kuweka alama. Miaka ya mwanzo nilitengeneza paipu ya inchi robo tatu, 4SP, ya bumu la eskaveta kwenye machimbo ya kokoto upande wa Usagara. Nilichagua dai sahihi, nikapima mbano, kipimo kikakaa palepale jedwali linaposema. Kesho yake ikachomoka. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini mafuta yalimwagika ndoo kwa ndoo na mtambo ukalala siku nzima. Niliyalipia mafuta yale. Nilipofunua kikombe, alama za meno zilikuwa zimeishia katikati. Nilisukuma kwa nguvu, nikahisi imegota, nikaamini mkono wangu. Kumbe kilichogota kilikuwa ncha ya nyaya iliyokuwa imechanua ikajishika kwenye ukingo.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuingiza, nalaza kikombe kando ya paipu na kuchora mstari mweupe pale mdomo wake utakapofika. Baada ya kuingiza, mstari lazima uguse mdomo wa kikombe. Ukionekana mbali nao hata milimita tatu, toa, anza upya. Mstari huo uache hapohapo. Ukihama baada ya siku mbili za kazi, paipu inakuambia kwamba inateleza, na una nafasi ya kuibadilisha kabla haijarusha fitingi.

Paipu ikichomoka, angalia kilichobaki wapi. Ikitoka nzima, nyaya zote zikiwa zake, mbano ulikuwa hafifu au kina hakikutosha. Ikiwa nyaya zimekatika na vipande vimebaki ndani ya kikombe, mbano ulizidi, au paipu ilikuwa inapindwa palepale inapotokea kwenye kikombe kwa sababu ni fupi. Kumbuka paipu hubadilika urefu ikipata presha, inaweza kurefuka asilimia 2 au kufupika hadi asilimia 4. Ukiikata ikakaa imenyooka kama kamba ya nguo, siku ikifupika itavuta kwenye mbano.

Kikombe kina mapezi au makovu makali

Ukiona kingo kali zimesimama kama mapezi ya sato kati ya alama za dai, umechagua dai ndogo mno kwa kazi hiyo. Dai nayo inaeleweka vibaya, kwa hiyo nieleze polepole.

Kwenye mashine nyingi, namba iliyogongwa kwenye seti ya dai ni kipenyo kidogo kabisa inachoweza kufika vipande vyote vikigusana. Unachotaka kukiongeza juu ya hapo unakiweka kwenye maikromita ya mashine. Tuseme jedwali linataka milimita 20.4. Ukiwa na dai 19, unaweka 1.4. Ukiwa na dai 16, hesabu itakubali ukiweka 4.4, na venia inaweza hata kusoma karibu na 20.4, lakini vipande vitakuwa vimeachana sana na mviringo wake ni wa kikombe kidogo. Kingo zinachimba, chuma kinapanda katikati ya nafasi, na mbano si wa duara tena. Ukiwa na dai 22, vipande vitagusana kabla hujafika, mashine itagota, na paipu itatoka ikiwa na 22 hata kama maikromita inasema sifuri. Fundi asiyejua huendelea kushika swichi akidhani mashine imechoka.

Kanuni ninayoifuata: chagua dai kubwa kuliko zote ambayo namba yake haizidi kipenyo unachotaka. Kisha tazama urefu. Dai iwe ndefu ya kutosha kukifunika kikombe sehemu yote inayotakiwa kubanwa. Dai fupi kwenye kikombe kirefu cha 4SP inaacha mkanda usiobanwa, na huko ndiko mafuta yanakojificha.

Maikromita nayo isiaminiwe bila kupimwa. Chuma hurudi nyuma kidogo baada ya kuminywa, na sifuri ya mashine huhama kadiri nyuso zinavyolika. Kila ninapobadilisha dai au aina ya paipu, nabana kwanza kipande cha masalia chenye kikombe kilekile, napima, narekebisha tofauti. Nikiweka 1.4 nikapata 20.6, kazi halisi naiweka 1.2. Ndiyo, kikombe kimoja kinapotea. Bei yake haifiki hata lita chache za mafuta ya haidroliki.

Mbano mnene upande mmoja

Pima mdomoni na upande wa nati. Tofauti ikizidi uvumilivu wa jedwali, kwanza shuku namna ulivyoweka: kikombe hakikukaa katikati ya dai. Ukirudia vizuri na bado kipo, ni mashine. Fungua, toa dai zote, futa. Vumbi la hapa Nyakato, Mwanza, kipindi cha kiangazi likichanganyika na grisi linakuwa msasa, na nyuso zinazoteleza zinalika upande mmoja. Grisi inapakwa kwenye nyuso za kuteleza tu. Uso wa dai unaogusa kikombe ubaki mkavu.

Mbano ulio kama yai badala ya duara

Mara nyingi ni uchafu nyuma ya kipande kimoja, au kipande kilichoazimwa kutoka seti nyingine. Vipande vya seti moja vihifadhiwe pamoja.

Mtambo umekuwa mzito baada ya kuweka paipu mpya

Haivuji, lakini silinda inakwenda polepole na paipu inachemka karibu na fitingi. Hapo mbano umezidi na tundu la mkia limeminyika. Fitingi nyingi hutarajiwa kubonyea ndani kidogo sana, mtengenezaji husema kiasi gani. Njia yangu ni rahisi: kabla ya kubana natafuta shina la keekee ya kutobolea linaloingia kwenye tundu bila kulegea, baada ya kubana najaribu tena na shina lililo dogo kwa kiasi kinachoruhusiwa. Likigoma, paipu haitoki gerejini kwangu. Ni jaribio la sekunde kumi na linafaa hata pale ambapo jedwali la fitingi za bei nafuu halipatikani. Ingawa nishauri wazi: fitingi isiyo na jedwali usiinunue, hata muuzaji akiapa.

Kama tundu liko sawa na mtambo bado ni mzito, fikiria uchafu. Wengi tunakata paipu kwa grenda, na vumbi la mpira na chuma linabaki ndani. Vumbi hilo linakwenda kwenye vali na pampu. Kata kwa kisu cha mashine ya kukatia paipu kama unacho, na kwa vyovyote vile pitisha vidonge vya sponji kwa upepo wa kompresa, ncha zote mbili, mpaka kidonge kitoke safi. Halafu ziba ncha.

Uvujaji kwenye nati

Hapa watu hukaza hadi nati inapasuka. Tatizo kwa kawaida ni koni mbili zisizolingana. Fitingi za JIC, zile za vipimo vya Kimarekani, zina koni ya pembe ya digrii 37, mitambo mingi ya Kijapani hutumia digrii 30. Uzi nao hudanganya: uzi wa milimita 22 na ule wa inchi 7/8 una tofauti ya sehemu mbili tu za kumi za milimita kwa unene, lakini mmoja una hatua ya milimita 1.5 na mwingine karibu 1.8. Nati inashika mizunguko miwili, inakaza, fundi anaamini imefika. Tumia geji ya uzi na geji ya koni. Kama fitingi ina oringi (pete ya mpira ya kuzibia), itazame kabla ya kulaumu chochote kingine.

Paipu ikiwa na viwiko ncha zote mbili, weka alama ya mwelekeo kabla ya kubana ncha ya pili. Ukikosea, utalazimika kuisokota wakati wa kufunga. Maandishi ya ubavuni ndiyo kioo chako: yakizunguka kama mistari ya pipi, paipu imesokotwa, na presha itajaribu kuinyoosha huku ikilegeza nati.

Kabla mteja hajaondoka

Paipu ya presha kubwa naijaribu kwa pampu ya mkono, mara mbili ya presha yake ya kazi. Nusu inchi ya 2SN inakwenda bar 550. Naijaza mafuta, natoa hewa yote, naiweka ndani ya sanduku la chuma, na hakuna anayesimama mbele ya ncha. Hewa iliyobaki ndani ndiyo inayogeuza fitingi kuwa risasi, kwa hiyo usijaribu paipu kwa kompresa hata siku moja. Baada ya jaribio natazama ule mstari mweupe. Haujahama? Naikabidhi.

Paipu mpya ikivuja ncha zote mbili wakati vipimo vyote viko sawa, soma tena ubavuni. Tarehe mara nyingi huandikwa kwa robo ya mwaka: 2Q19 ni robo ya pili ya 2019. Rola iliyoning'inia miaka juani mbele ya duka, ikila jua la mchana na unyevu wa ziwa usiku, mpira wake umekwisha kabla hujaikata. Ikunje karibu na ncha. Ukiona nyufa ndogondogo, irudishe kwa aliyekuuzia.